Mkojo Hauna Cheo

“Mpira wa mkojo haujawahi kumdhuru mtu. Ukishawekwa, uacheni ukae. Kuuliza kila asubuhi kama utoke ni kuwapotezea wauguzi muda.”

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Mganga Mkuu wa hospitali yetu, Daktari Bingwa wetu wa Upasuaji, wauguzi na wafanyakazi wenzangu, ndugu na jamaa wa mstaafu, na wewe mwenyewe Bi. Toa, uliyevaa leo gauni linalong'aa kuliko taa za chumba cha upasuaji: maneno hayo si yangu. Yalisemwa kikaoni wiki iliyopita, na aliyeyasema ameketi meza ya mbele, karibu na keki. Sitamtaja. Ni huyo aliyeacha kutafuna.

Nimeombwa nimsifu mstaafu wetu, na nitamsifu. Lakini mimi ni mkuu wa maabara. Kazi yangu ni kuotesha vijidudu vinavyotoka kwenye mikojo ya wagonjwa wenu, na mtu wa kazi hiyo hawezi kusikia kwamba mpira haudhuru, kisha akanyamaza na kusubiri kipande cha keki.

Hivi wageni mnajua kwa nini tunamwita Bi. Toa? Miaka yote aliyoongoza wodi ya wagonjwa mahututi, kila asubuhi alisimama kwenye kila kitanda akauliza: “Mpira huu leo una kazi gani?” Asipopata jibu la maana, aliutoa. Si kwamba anaichukia mipira. Anajua kwamba njia inayotoa mkojo nje ndiyo hiyo hiyo inayoviingiza vijidudu ndani, na kadiri mpira unavyokaa ndivyo navyo vinavyojisikia nyumbani. Madaktari walimwogopa. Yuko mmoja ambaye alikuwa akimwona tu anakuja, anaishika stetoskopu yake kwa mikono miwili, asije akaambiwa nayo itoke.

Basi Bi. Toa akaenda likizo. Hazijapita siku nyingi, akalazwa mama mkwe wa Daktari Bingwa: homa kali ya mapafu, mashine ya kupumulia, mpira wa mkojo. Hapo sina ugomvi. Mgonjwa aliyezidiwa vile, mkojo wake lazima upimwe. Lakini mama akapata nafuu. Mashine ikaondolewa, akaketi, akanywa uji, akaanza kuwakosoa wauguzi jinsi wanavyotandika shuka. Na mpira? Mpira ukabaki palepale.

Muuguzi wa zamu akamfuata Daktari Bingwa. “Dokta, mpira wa mama tuutoe?”

Daktari akatazama dari. “Dada, yule ni mama mkwe wangu! Mimi na mkojo wake wapi na wapi?”

“Na sisi tunaogopa, dokta. Ni mzazi wako.”

“Basi mheshimuni.”

Jamani, walimheshimu! Waliona aibu mfuko wa mkojo wa mtu mzito kama yule uning'inie ubavuni mwa kitanda, chini, kama wa watu wengine. Wakauviringishia kitambaa cha maua, wakautundika juu kwenye nguzo ya dripu, ukapepea juu ya kichwa cha mgonjwa. Sasa nawauliza, enyi wasomi, kitu cha majimaji ukikiweka juu kinaelekea wapi? Ule mkojo ulirudi ulikotoka, na haukurudi peke yake.

Mama akapandwa na homa, akatetemeka mpaka kitanda kikapiga kelele. Akili ikamruka. Daktari Bingwa akainama: “Shikamoo, mama.” Mama akamkodolea macho. “Wewe nani? Mwambie binti yangu afunge mizigo. Hii ndoa nimeifuta.”

Mnacheka. Yeye hakucheka. Nilipompelekea majibu ya maabara nilimkuta koridoni, mtu anayepasua vifua vya watu bila kutoka jasho, ameegemea ukuta. “Ndugu yangu,” akaniuliza, “atapona?” Nikamwambia sijui. Na kweli sikujua.

Ndipo akarudi Bi. Toa. Hata mkoba hajautua, akauona ule mfuko. “Nani kapandisha bendera humu ndani?”

“Dada mkuu, ni kwa heshima ya mama…”

“Mkojo hauna cheo! Ushusheni!”

Akanawa mikono, akavaa glavu, akauliza swali lake. Mpira ukatoka, dawa ikaandikwa, na baada ya siku za wasiwasi mama akapona. Ndiye yule pale meza ya pili, anayekosoa jinsi kitambaa cha meza kilivyotandikwa. Ndoa nayo imerudi, ingawa nasikia bado iko chini ya uangalizi.

Na baada ya yote hayo, mkwe huyo huyo anasimama kikaoni na kusema kwamba, kwa kuwa muulizaji anastaafu, swali nalo listaafu! Kwani vijidudu navyo vinastaafu? Vimeandaliwa hafla gani?

Jana nilimwambia Bi. Toa kwamba nitamsifu mbele yenu. Akanikata kauli: “Sifa kaa nazo. Niambie kesho asubuhi atauliza nani.” Kwenye kitanda cha dirishani, wodi ya mahututi, leo amelala mwalimu wa watoto wadogo, ameamka, anaongea, anaomba chai, na mpira bado anao.

Wauguzi, nawashukuru kwa masikio yenu. Mikono yenu Bi. Toa ataikagua mlangoni. Mwenyekiti, asante kwa nafasi. Lakini sishuki jukwaani bado. Daktari Bingwa, weka uma chini. Kesho, kabla hujashika kisu, utaingia wodi ya mahututi, utanawa mikono, utasimama kwenye kitanda cha yule mwalimu, na utauliza mpira ule una kazi gani. Tuambie hapa hapa, mama mkwe wako anakutazama: utauliza, au huulizi?