Wageni Hawapimi Hewa

Fundi: Haloo? Ni nani?

Mkuu: Fundi wangu! Mimi hapa, mkuu wa hospitali. Habari za siku nyingi?

Fundi: Mkuu yupi? Yule aliyenifukuza?

Mkuu: Ah, bado una kinyongo, kaka? Tuyaache hayo, mimi—

Fundi: Sema shida yako.

Mkuu: Ile mashine ya oksijeni ya msaada. Wafadhili wako getini na kamera zao. Nimebonyeza kila kitu, imenuna tu!

Fundi: Wiki tano zote imenuna?

Mkuu: Tangu ulipoondoka.

Fundi: Nilipoondolewa.

Mkuu: Haya, ulipoondolewa. Njoo mara moja, nakuomba. Pikipiki juu yangu.

Fundi: Niko juu ya paa la mtu, nafunga dishi. Siji. Kioo chake kinasemaje? Nisomee.

Mkuu: Ngoja... “Saa za matumizi zimekwisha. Ingiza namba ya siri ya mtengenezaji.”

Fundi: Na namba iko wapi?

Mkuu: Huko kwao. Tumewaandikia mara tatu, hola. Lakini wewe ulijua njia ya kuizunguka, siku ile nilipokukuta—

Fundi: Nilipokuwa na bisibisi mkononi. Ulisemaje siku ile?

Mkuu: Kwamba mkataba wa msaada unakataza kuifungua.

Fundi: Leo mkataba umelala?

Mkuu: Sikia, sitaki hata itoe hewa! Iwake taa, ingurume dakika kumi, wapige picha waende zao. Wageni hawapimi hewa.

Fundi: [anacheka kidogo] Sawa. Weka simu kwenye spika, ubaki na mikono miwili.

Mkuu: Mungu akubariki! Tayari.

Fundi: Mfuniko wa nyuma, skrubu sita. Toa moja moja.

Mkuu: Moja... mbili... Mbona zimekaza hivi!

Fundi: Taratibu. Usije ukajikata.

Mkuu: Nne... Fundi, wameingia koridoni—

Fundi: Viatu navisikia. Malizia.

Mkuu: Sita! Sasa waya gani? Haraka— [mtandao unakwaruza] Oh! Karibuni, karibuni sana wageni wetu!

Fundi: Karibuni, wageni! Mkuu ndiyo kwanza ameifungua mashine yenu. Anataka ingurume tu, hewa hana haja nayo!

Mkuu: Kata! Kitufe kiko wapi hapa—

Mgeni: Iache simu hapo. Nani anaongea?

Fundi: Fundi mitambo, mama. Miaka kumi na moja hapo. Nilifukuzwa kwa kazi hiyohiyo unayoiona mikononi mwake.

Mgeni: Mimi ni mwakilishi wa wafadhili. Kila mwezi anatuandikia kwamba mashine inafanya kazi!

Mkuu: Mheshimiwa, huyu mtu ana chuki binafsi—

Fundi: Ninayo! Tena tele!

Mgeni: Lakini sisi tuliitoa kwa nia njema.

Fundi: Nia niliiona. Mlitupatia kabati, funguo mkabaki nazo. Ile mashine yetu kuukuu niliyokuwa naitia viraka kwa waya na mpira wa baiskeli, ilikuwa inatoa hewa. Akaitupa jalalani, hii yenu ipate pa kukaa.

Mgeni: Na siku ile, kwa nini uliifungua bila ruhusa?

Fundi: Mwanangu alikuwa kitanda cha nne.

Mgeni: Aa... Ukamaliza?

Fundi: Zilibaki skrubu mbili. Akaita walinzi wanitoe.

Mgeni: Na mtoto... anaendeleaje sasa?

Fundi: Mkuu, mjibu mgeni.

Mkuu: Simu yangu inaisha chaji, tutaongea—

Fundi: Mjibu! Wiki tano nakusubiri uliseme.

Mkuu: Alifariki.

Fundi: Sijasikia. Na kamera hazijasikia.

Mkuu: Alifariki! Mtoto wa fundi alifariki.

Fundi: Leo yuko nani kitanda cha nne?

Mgeni: Kuna... kuna kabinti. Mama yake yuko pembeni.

Fundi: Basi shika kazi wewe, mgeni, si mkuu. Waya wa bluu. Uchomoe kwenye kisanduku cheusi, uchomeke tundu la chini yake. Washa. Weka kiganja kwenye mrija.

Mgeni: Subiri... [mngurumo] Inapuliza! Fundi, inapuliza! Njoo tuzungumze, hata leo—

Fundi: Kwaherini. Mwenye nyumba ananiita, dishi lake halijakamata.

Mgeni: Fundi? Haloo? Haloo—