Historia ya Marehemu Karla Vosmik, Isomwe Mbele ya Mheshimiwa Plachy

Mchungaji, Emil mume wa marehemu, watoto Renata na Curtis, majirani, wafanyakazi wenzake, na wewe Mheshimiwa Gordon Plachy, mbunge wetu katika bunge la jimbo, uliyekaribishwa benchi la tatu, katikati, baina ya jirani yetu Arvid na mkewe, watu ambao Mungu aliwaumba bila ubahili, aliyeagizwa kuwasomea ni Verlyn, kaka wa marehemu, aliyezunguka mabara manne akiuza mashine za kukamulia maziwa na kurudi bila hata ng'ombe mmoja, kwa hiyo msitegemee hekima, tegemeeni sauti.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1967, shambani kwa Tollefsrud, kaskazini mwa Minnesota, mtoto wa pili na wa mwisho wa Odell na Inga, akamaliza sekondari mwaka 1985, akaingia chuo cha uuguzi na kukiacha, kwa sababu, kama alivyomwambia mama, "Wodini mgonjwa analetwa ameshafutwa damu, mimi nataka kumkuta pale alipoanguka," akahitimu huduma ya dharura mwaka 1989, na tarehe 4 Septemba 1991 akaajiriwa hapa wilayani Kaskell katika gari la wagonjwa, kazi aliyoifanya hadi siku ya kufa, na hasa siku ya kufa.

Tarehe 12 Juni 1993 alifunga ndoa na Emil Vosmik katika kanisa hili hili, akiwa amechelewa kwa kuwa njiani alisimama kumzalisha mtu, wakabarikiwa Renata mwaka 1995 na Curtis mwaka 1998.

Mwaka 2012 wilaya ilipunguza wahudumu, akabaki yeye peke yake wa kulipwa, pamoja na wakulima wawili wa kujitolea, jambo lililoruhusiwa kabisa, maana sheria ya jimbo letu inailazimisha wilaya kuwa na polisi na mtu wa kuondoa theluji barabarani, lakini kumfuata mgonjwa ni hisani, ndipo Karla akaanza safari za bungeni, kuomba mswada wa kuifanya hisani hiyo kuwa wajibu.

Januari 2013 walikwenda wahudumu arobaini wenye sare na keki za chokoleti, Mheshimiwa akala vipande viwili, akapiga nao picha, akawaita mashujaa, na bunge likawatangazia Siku ya Wahudumu wa Dharura, huku mswada ukilazwa kwenye kamati, ambayo mwenyekiti wake ni Mheshimiwa mwenyewe. "Tumekwenda kama harusi," Karla aliwaambia wakirudi, "na bwana harusi hatumjui."

Tangu hapo aliwafundisha wenzake waende wachache, wote wapiga kura wa Mheshimiwa, wabebe jambo moja na kisa kimoja cha barabara anayoijua, wasimtukane, wamshukuru hata kwa maji ya kunywa, wamheshimu katibu wake Bi Marlys kuliko yeye mwenyewe, maana ndiye mwenye funguo za siku zake, na mtu asitoke ofisini bila ndiyo au hapana. "Ee mama, umekuwa wakili siku hizi?" Arvid alimtania, naye akamjibu, "Wakili halazimiki kukubeba, Arvid, mimi siku moja nitalazimika."

Lakini Mheshimiwa hakuwahi kusema hapana, kila mwaka alisema "Tutaliangalia, Karla," na mwaka 2019, Karla alipoitwa kutoa ushahidi mbele ya kamati, wajumbe waliitwa kwenda kupiga kura dakika ya pili, akaumaliza ushahidi wake mbele ya viti vitupu, kisha Mheshimiwa akamkuta kwenye ujia, akamshika bega kwa upole wake tunaoufahamu sote, akamwambia, "Takwimu hazilii, Karla, niletee mtu." Emil anasema alirudi akicheka, akaingia garini, akashika usukani, na hakuwasha gari kwa muda mrefu.

Februari 2022 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, madaktari wakamwambia apumzike, naye akawauliza ni nani atakayeshika zamu, na Machi mwaka huu, akiwa amelazwa, alimwita kaka yake akamwambia, "Gordon hakosi mazishi wilayani, kuna kura humo, sasa mkalishe katikati ya benchi, pembeni simu itamwita, na usome wewe, kwani unapenda kusikika, lakini usimtukane, Verlyn," ndiyo maana kaka huyu amekuwa mpole kiasi hiki.

Jumanne tarehe 23 Aprili 2024, asubuhi, wakulima wawili wakiwa mashambani wanapanda mahindi na Karla akiwa peke yake zamuni, alianguka jikoni kwake, Emil akapiga simu ya dharura, mpokeaji akatafuta mhudumu aliye karibu, na peja, kile kifaa cha kumwita kazini, ikalia, ikalia hapo hapo sakafuni, kiunoni mwa marehemu, ikimtaka aende haraka nyumbani kwa Vosmik, mwanamke, moyo. Alifumbua macho, akasema, "Waambie niko njiani," na hayo ndiyo maneno yake ya mwisho, kwa kuwa gari la wilaya jirani lilipofika alikuwa ameshafika yeye.

Familia inawashukuru madaktari, wahudumu wa wilaya jirani, ambao hawana kosa, majirani kwa vyakula na kahawa, wale wakulima wawili wasioweza kuinua nyuso, tunawaambia inueni, Mheshimiwa kwa shada kubwa la maua lililofika upesi kuliko gari la wagonjwa, na kwa namna ya pekee Bi Marlys, aliyetuhakikishia kwamba Mheshimiwa hana miadi mingine leo mpaka usiku.

Kamati inakaa keshokutwa Jumatatu, Mheshimiwa, nasi hatuna takwimu hata moja, ulisema tukuletee mtu, tumemleta, yuko mbele yako, na kwa kuwa yeye mwenyewe alitukataza kutoka chumbani bila jibu, wabebaji wa jeneza wameombwa wabaki wameketi hadi useme ndiyo au hapana kama mswada huo utauweka mezani.

Pumzika, dada, amani yako tumeiona, iko benchi la tatu, katikati, inaangalia viatu vyake.