Nyasi Mpaka Mlangoni

Ndani ya basi, mama wa kiti cha mbele yangu alimgeukia fundi bomba aliyekaa naye, mtu asiyemjua kabisa. “Hebu fikiria, mume wangu kamaliza akiba yote kwa nyasi, zile zinazoletwa zimekunjwa kama mikeka! Na kiwanja chenyewe hakitoshi kuanika mashuka mawili. Kazitandaza mpaka mlangoni, ati tumelipia.”

“Hamkuacha njia?”

“Njia gani, kaka yangu? Na muuzaji kakataza zisikanyagwe wiki tatu.”

“Sasa leo umetokaje?”

“Dirisha la jikoni, upande wa kichochoroni. Na Jumamosi mama yake anakuja, na magoti yale!”

Fundi akajitia kuangalia nje. Basi liliposimama, mama alikusanya sketi, akainua mguu, akavuka kikapu changu kilichokuwa njiani bila hata kukitazama.