Ukuta wa Mbao Katikati ya Gereji

Sogeeni, wanangu, mmoja kulia na mmoja kushoto, na wewe shemeji yangu seremala baki hapo kwenye kiti cha mlangoni, maana yapo yanayokuhusu. Zimeni hiyo redio. Nataka kusema ulimi ungali wangu, kwa sababu dawa hizi wanazonipa zinanipeleka na kunirudisha, na kila nikirudi nakuta kitu kimepungua. Asubuhi nilimwita binti yangu kwa jina la marehemu mama yake, naye akaitika. Akaitika, jamani! Sikujua nicheke au nilie.

Najua mmekuja mkitegemea kwamba mzee akiita watu kitandani ana neno zito alilolihifadhi. Mimi sina. Nimechanganyikiwa, wanangu, na sitaki kuondoka nikijifanya ninajua, kwa maana mficha maradhi kifo humuumbua.

Nyumba hii haina maneno. Ni yenu wote wawili, na atakayepatwa na shida ya pa kulala asibishe hodi. Vyombo vya mama yenu avichukue atakayevipikia, si atakayevilia. Spana zangu msigawane. Seti ikigawanywa inabaki vyuma tu. Kinachonitoa jasho ni gereji.

Gereji ile niliianzisha kwa breki na klachi za magari ya kawaida, ninyi ndio mlioniletea magari ya mbio. Wewe binti yangu, watu wakakuita Namba kwa sababu huamini kitu mpaka kipimwe, ukanishawishi hadi tukanunua ile mashine ya rola, gari linapandishwa juu yake, linafungwa mikanda kama mzigo wa lori, magurudumu yanazunguka palepale na kompyuta inachora nguvu ya injini. Na wewe mdogo wake, Upepo, uliizunguka mashine ile mikono nyuma, ukasema, "Baba, hili ni gari linalokimbia huku limesimama. Nani anaendesha hivyo?" Wewe injini uliirekebisha barabarani, kwenye mashimo na milima, kichwa nje ya dirisha ukisikiliza. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nami nilifurahi, nikaona nimezaa macho mawili.

Kisha likaja gari la daktari wa meno. Mnalikumbuka, la chini, milango miwili, lenye tabo kubwa ya kuisukumia injini hewa. Na mwenyewe mtu mpole ambaye kelele pekee aliyoipenda duniani ilikuwa ile. Namba ukalifunga kwenye rola, ukaliwekea feni mbele, ukalihangaikia hadi mstari kwenye kioo cha kompyuta ukapanda laini bila kigugumizi. Niliutazama nikaridhika. Upepo akatoka nalo, akarudi amekunja uso: "Dada, mlimani linakohoa. Feni yako si upepo, na rola zako hazina mlima." Akabadilisha kipimo cha petroli na wakati wa cheche, gari likaruka kama lililochomwa sindano. Likarudi juu ya mashine, nguvu ikaonekana imeshuka. Namba ukamwambia, "Kinachokufurahisha ni kelele. Mgongo wako si kipimo."

Mkaniita niamue. Nikakaa ndani yake juu ya rola, nikakanyaga, nikatazama namba, nikasema ni kweli. Nikatoka nalo barabarani, kifua kikabanwa hadi pumzi ikakata, nikasema ni kweli. Kweli mbili ndani ya injini moja, wanangu, na mpaka hapa nilipolala sijui zilipishana wapi.

Mwisho mkalipanga nusu kwa mashine na nusu kwa barabara, kila mmoja akinung'unika, daktari akalichukua. Halikumaliza wiki. Lilizimika kwenye ule mwinuko mrefu wa machimbo ya mawe, likiwa linaupanda, moshi ukatanda. Tulipoifungua injini tukakuta pistoni moja imeyeyuka kama mshumaa. Upepo akasema, "Ni pale dada alipopunguza petroli." Namba ukasema, "Ni pale yeye alipoiwahisha cheche." Nikaishika ile pistoni, nikaigeuza, nikaipeleka juani, mimi niliyefungua injini tangu sijaota ndevu, nisione jibu. Na daktari hakulalamika hata kidogo. Alilivuta gari lake akaenda, na ukimya ule ungepaswa kunishtua.

Ndipo wanangu walipokuita wewe, shemeji, na mbao zako, kila mmoja awe na upande wake. Ukajenga ukuta katikati ya gereji yangu, mashine ikabaki nyuma na lango la barabarani likabaki mbele. Namba akalazimika kutoboa mlango upande wa uchochoroni, magari ya watu yakawa yanavuka mtaro huku yakikwaruza matumbo. Upepo akabaki na lango pana lakini hana cha kupimia. Mteja akimuulizia huyu, yule anawasha grinda ya kukatia vyuma, jina la mwenzake lisisikike. Nami kila asubuhi nilisimama kwenye kona nisijue niingie mlango wa nani, nikaishia kunywa chai kwa muuza matairi. Mwenye gereji, mgeni wa muuza matairi! Tangu upigilie msumari wa kwanza sikukusalimia, shemeji. Leo nakusalimia. Hujambo? Kazi yako ilinyooka, na hilo ndilo lililoniudhi. Ukuta ungeyumba kidogo, ungeanguka wenyewe.

Watu wakanishauri, mzee, gawa kwa ukuta, mali imekwisha kujigawa yenyewe. Nami nilikuwa nimekubali.

Sasa sikilizeni hili, na msinikatize. Daktari wa meno alikuja hapa. Alikaa kwenye kiti hicho hicho cha seremala, akavua miwani akawa anaifuta kwa shati, akasema, "Mzee, siku ile petroli ilinikatikia njiani nikajaza ya madumu. Baadaye nikasikia ilichanganywa na mafuta ya taa. Niliona haya kusema. Nikajiambia, hawa ni ndugu, watayamaliza." Petroli mbovu, wanangu! Injini ya tabo ukiibana mlimani kwa petroli ya namna ile inagonga ndani kwa ndani hadi pistoni iyeyuke, hata ingekuwa imerekebishwa na malaika. Nikataka kuinuka niwaite. Kufumbua macho vizuri, kiti kitupu. Nikamuuliza muuguzi, nani ametoka? Akanishika bega: "Baba, hakuna aliyekuja. Pumzika." Lakini muuguzi mwenyewe alikuwa ametoka kuchota maji. Au ndio alikuwa anaingia. Miwani ile niliiona, niliona hata alama zake puani. Basi alikuja, au ni dawa, au ni mimi ninayetaka mno iwe hivyo? Kitandani hapa sina njia ya kulijaribu.

Naona mnatazamana. Ni muda mrefu hamjatazamana. Namba, usilie bado, huenda niliota.

Nendeni kwake. Nendeni pamoja, katika gari moja, na asiyeendesha asitoe maoni. Mwulizeni kwa upole, kuuliza si ujinga. Akisema ndiyo, mtajua la kuambiana bila mimi. Akisema hakuja, wala hakujaza petroli yoyote ya madumu... hapo ndipo nilipokwama siku zote hizi, nikijiuliza nitawausia nini basi. Nimegeuza huku na huku. Mimi sijui. Ninyi nanyi hamjui, ila kila mmoja anaapa. Ukuta mzima umesimama juu ya jambo ambalo hakuna anayelijua. Kwa hiyo, awe amekuja au hakuja, shemeji, ung'oe. Ung'oe wewe mwenyewe, na mbao zipeleke unakotaka. Gereji siigawi. Kila gari lipite kwenye mashine ya dada, kisha litoke barabarani na mdogo wake, na mkikosana, pandeni wote wawili mlipeleke mlimani, mmoja ashike usukani, mwingine asome vipimo, msishuke mpaka mmeelewana. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mkitaka kubishana, bisheni. Mimi na mama yenu tulibishana mpaka... mpaka nini? Nilikuwa nasema nini? Haya, limepita.

Nipe maji. Hapana, yatosha.

Mungu awatunze. Awape wateja wakweli. Mkipotezana mchana, mkutane kwenye chakula. Asiwepo wa kuwauliza ni yupi kati yenu baba alimpenda zaidi... hilo nalo sijui, na sitaki kujua.

Giza limeingia mapema leo. Mkono huu ulionishika ni wa nani? Una grisi kwenye kucha. Lakini wote mna grisi. Usiseme, mwanangu. Ukisema nitajua ni yupi. Acha nibariki... hivi hivi. Kaza kidogo. Nimekubariki. Mpe na mwenzako.