Mzee Felix Magige, Mwonjaji wa Nkende

Baba Paroko, wachungaji na mashehe mliofika, wazee wetu shikamooni, ndugu, majirani wa Nkende, na wageni wote mliotoka Susuni, Mugumu, Mbalibali na ng'ambo ya Sirari, familia imemtuma Jackson, mtoto wa mdogo wake marehemu, awasomee maisha ya Mzee Felix Magige, na imemwagiza asome kwa sauti ya kufika hadi kwenye turubai la mwisho, kwa sababu marehemu hakupenda watu wanaonong'ona.

Mzee Felix Magige alizaliwa tarehe 4 Juni 1953 katika kijiji cha Susuni, wilaya ya Tarime, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Magige Nyamhanga na Mama Mokami, wote sasa ni marehemu. Mama Mokami alikuwa mpishi wa amarwa, ile pombe yetu ya ulezi na mtama inayonywewa kwa mirija mirefu, na watoto wake aliwapa togwa, ikiwa bado tamu na haijachachuka, kwa hiyo Felix aliujua ulezi kwa ulimi kabla hajaujua kwa jembe.

Alisoma shule ya msingi Susuni kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, akaendelea na sekondari mjini Musoma hadi mwaka 1972, kisha akajiunga na chuo cha mifugo, alikohitimu mwaka 1974 akiwa na cheti na jozi ya buti za mpira ambazo, kwa maelezo yake mwenyewe, zilimpa heshima kuliko cheti.

Mwezi Machi 1975 aliajiriwa kuwa bwana mifugo katika wilaya ya Serengeti, akazunguka vijiji vya Mugumu kwa baiskeli akichanja ng'ombe na kusimamia majosho, na mwaka 1988 akahamishiwa Tarime, alikofanya kazi hadi alipostaafu kwa heshima tarehe 4 Juni 2013. Wafugaji walimpenda kwa sababu alisema ukweli, ng'ombe akiwa wa kupona alisema atapona, akiwa wa kuchinjwa alisema chinja leo, na hakuna mwenye ng'ombe, awe tajiri au mkali namna gani, aliyemfanya abadilishe neno. Jambo moja tu alililalamikia katika kazi hiyo, kwamba dawa ya josho ilimwingia puani miaka mingi mpaka kila chakula kikawa na harufu yake.

Tarehe 18 Agosti 1979 alifunga ndoa takatifu na Bi Beatrice mjini Tarime, na Mungu akawajalia watoto watatu, Vicent, Rhobi na Gloria, ambao wote wapo hapa mbele yenu. Waliishi vizuri, wakajenga hii nyumba mnayoiona hapa Nkende, na walikuwa na kawaida ya kukaa barazani jioni wakibishana kuhusu mambo ya redio, Bi Beatrice akishinda mara nyingi.

Bi Beatrice alitangulia mbele ya haki tarehe 3 Machi 2015, na hapo ndugu zangu, mzee alizimika. Aliacha kunyoa ndevu, aliacha kwenda mnadani, redio ikafunikwa kitambaa, na rafiki yake Maftah, mfanyabiashara wa nafaka wa hapa mjini, alikuwa akija kumjulia hali, anakaa, anazungumza peke yake, anamaliza, anaaga. Watoto walipopiga simu, mzee alijibu "nipo," na zaidi ya hapo hakusema kitu.

Ndipo mwezi Septemba 2016 Rhobi alipomdanganya baba yake, na ameruhusu isomwe. Mjini Tarime kila mwaka kulikuwa na Tamasha la Bia za Asili, siku moja ya Jumamosi, ambapo wapishi wa pombe za kienyeji kutoka wilaya zetu mbili, Tarime na Serengeti, walipanga meza uwanjani, na wageni wakaja na za kwao, rubisi ya Bukoba, mbege ya Moshi, busaa kutoka Isebania, na vijana wa Mwanza waliotengeneza bia zao wenyewe kwenye mitambo midogo, watu wakipita meza hadi meza na glasi ndogo mkononi, wanaonja, wanatoa maoni. Rhobi alijua baba yake hatakwenda kwenye starehe.

"Baba," alimwambia, "Jumamosi kuna maonesho ya mifugo uwanjani. Wanahitaji mtu wa kuangalia madume."

Mzee alinyoa ndevu. Tarehe 10 Septemba 2016 aliingia uwanjani akiwa amevaa buti zake za mpira, koti jeupe la kazi na kipimajoto cha ng'ombe mfukoni, akasimama katikati ya ngoma na watu waliochangamka, akageuka huku na huku. Meza iliyokuwa karibu ilikuwa ya Bi Elieth, mjane kutoka kata ya Mbalibali kule Serengeti, aliyekuja tamashani kwa mara ya kwanza na mtungi wake.

"Mama, ng'ombe wako wapi?" mzee aliuliza.

"Ng'ombe hakuna, baba. Kuna ulezi."

Akampa glasi. Mzee aliipokea kwa sababu ya adabu tu, akaipeleka mdomoni, na kitu kilichotokea hapo alikisimulia mpaka mwisho wa maisha yake, kwamba ile dawa ya josho iliondoka puani kama mtu aliyefukuzwa, akasikia ulezi, akasikia moshi wa kuni, akasikia na kitu kingine nyuma yake.

"Mama," alisema, "hii imeungua."

Watu waliokuwa mezani waligeuka kumtazama, kwa maana pale kila mtu alikuwa anasifia. Bi Elieth alichota, akaonja mwenyewe, akafikiri. Alikumbuka kwamba alipokuwa anakaanga unga kwenye karai kabla ya kuutia kimea, mgeni alibisha hodi, naye akatoka kumkaribisha. Aliinua mtungi wote akaumwaga kwenye majani mbele ya watu.

"Mwakani uje tena," alimwambia, "na hizo buti zako."

Mzee alicheka. Rhobi, aliyekuwa amejificha nyuma ya turubai akiogopa kugombezwa, anasema aliposikia kicheko kile alikaa chini kwenye majani akalia, kwa sababu tangu msiba wa mama alikuwa hajakisikia.

Kuanzia siku hiyo mzee akawa mwonjaji. Mwaka mzima alizunguka kwenye maonjo madogo yanayofanyika nyumbani kwa wapishi, Nkende, Susuni, Sirari na hata Mugumu, akikaa na watu wa kila aina, na Maftah, ambaye dini yake haimruhusu kuonja, alikwenda naye kila safari na chupa yake ya kahawa ya tangawizi. Alipoulizwa anafuata nini kwenye pombe, Maftah alijibu, "Nafuata maneno. Huyu amekaa kimya mwaka mzima, mimi nasikiliza maneno aliyoyaweka akiba." Kule Sirari mpakani vijana wa Kenya walimpenda sana, wakimwita "bwana mifugo wa pombe", na mmoja alipomwambia, "Mzee, hii ndio iko sawa kabisa, sema ukweli," mzee akaonja akasema, "Iko sawa kwa kunawia mikono," na bado waliagana wakikumbatiana.

Kwa kuwa yeye mwenyewe alitutaka tuwe wakweli, familia inakiri pia kwamba alikunywa kwa kiasi siku zote isipokuwa mara moja, mwaka 2018 kule Mugumu, wapishi walipomshindania, na alirudi Tarime amelala juu ya magunia ya ulezi nyuma ya gari la Maftah, akiimba wimbo wa Kwaresima katika mwezi wa Desemba.

Lakini tumepita mwaka 2017, na hatuwezi kuupita. Tarehe 9 Septemba mwaka huo alivaa buti akaenda moja kwa moja kwenye meza ya Bi Elieth. Mama hakumsalimia, alimimina tu. Mzee akaonja, akanyoosha glasi aongezewe, akaonja tena.

"Haya, sema," mama akamwambia. "Mwaka mzima nakungoja wewe."

"Hii sasa ni amarwa," mzee alisema. "Mama yangu angeomba kiti."

Bi Elieth alimpa kiti chake mwenyewe, naye akakikalia hadi tamasha likafungwa. Walifunga ndoa tarehe 22 Juni 2019, mzee akiwa na miaka sitini na sita.

Ndoa hiyo haikumpendeza kila mtu. Vicent, mtoto wa kwanza, ambaye ni fundi umeme Dodoma, aliona kumbukumbu ya mama yake imefutwa, akasema kwenye simu maneno ambayo yeye mwenyewe ametuomba tuyasome jinsi yalivyokuwa, "Baba, umeokota muuza pombe uwanjani," kisha akakata. Mzee hakumjibu kwa hasira wala hakumtuma mjumbe. Kila ilipokaribia Septemba alimwandikia ujumbe mfupi wa simu, "Tamasha ni Jumamosi. Njoo," na Vicent hakujibu. Hapa nyumbani tuliona jinsi mzee alivyoitazama ile simu, akiiweka, akiichukua, akiuliza kama mtandao upo, na Bi Elieth akimwambia taratibu upo. Picha ya Bi Beatrice ilibaki sebuleni pale pale ilipokuwa, na aliyekuwa anaifuta vumbi kila Jumapili kabla ya misa ni Bi Elieth.

Mwaka 2021 Vicent alikuja. Hakuja kupatana, alikuja kumchukua baba yake akaishi Dodoma. Alifika Nkende Jumamosi tarehe 11 Septemba asubuhi akakuta nyumba tupu, akaingia sebuleni, akaiona picha ya mama yake inang'aa na ua jipya pembeni, akasimama hapo muda mrefu. Kisha akaenda uwanjani.

Alimkuta Bi Elieth mezani, na mzee amesimama hatua chache pembeni akizozana na vijana wa Mwanza kuhusu povu. Bi Elieth alimtazama kijana yule aliyekunja uso.

"Wewe ni Vicent," alisema. "Una masikio ya baba yako."

Vicent hakujibu. Mama alimmiminia, akamsogezea glasi. Mzee alikuwa ameshageuka na ameona, lakini alibaki pale pale, amenyanyua kidole katikati ya sentensi. Vicent akanywa.

"Ni chachu mno," alisema.

Bi Elieth alionja, akameza, akatikisa kichwa. "Kweli. Nilichelewa kuichuja. Tangu asubuhi wananisifia tu."

"Huyo ni mwanangu!" mzee alipaza sauti, na vijana wa Mwanza wanasema alilia na kucheka kwa pamoja. "Mura, kijana wewe, umesikia? Ulimi wa kwetu!"

Vicent aliweka glasi chini, akainama kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakuna aliyehamia Dodoma. Badala yake ni Vicent aliyeanza kurudi kila Septemba, na ni yeye aliyefunga taa za uwanja mwaka uliofuata, na wajukuu wakaja, wakipewa togwa.

Mwezi Februari 2024 mzee alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, akapelekwa hospitali mjini Tarime na baadaye Mwanza, na madaktari wakagundua moyo umepanuka. Waliompenda waliogopa kumwambia asahau pombe, lakini daktari alipomweleza, mzee alimpongeza kwa kusema ukweli bila kuzunguka, akaacha siku hiyo hiyo. Tamasha hakuliacha. Tarehe 13 Septemba mwaka huu, 2025, Maftah na Vicent walimpeleka akiwa kwenye kiti cha magurudumu, wakamsukuma meza hadi meza, na wapishi wakaja mmoja mmoja na glasi zao, naye akazinusa, akafumba macho, akasema hii nzuri, hii ngoja siku mbili, hii mama umetia sukari usinidanganye, na kila aliyekosolewa aliondoka anacheka. Alipofika meza ya mwisho aliyoweza, ya mkewe, alinusa muda mrefu kuliko zote, akamrudishia glasi na kumwambia jambo ambalo Bi Elieth amesema ni lake peke yake.

Mzee Felix Magige alifariki dunia Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, saa nne asubuhi, hapa nyumbani Nkende, akiwa kitandani kwake, mkewe na watoto wake watatu wakiwa pembeni, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Ameacha mke, watoto watatu, wajukuu saba, na wapishi wengi waliokuwa wanamwogopa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Tarime na Mwanza waliomtunza, majirani wa Nkende mliopika na kukesha nasi, watumishi wenzake wa idara ya mifugo, Baba Paroko na wanajumuiya, Bwana Maftah aliyekuwa ndugu bila kuzaliwa tumbo moja, na wapishi wote wa Tarime na Serengeti, pamoja na wale mliovuka mpaka alfajiri ya leo. Bi Elieth anawatangazia kwamba baada ya mazishi mitungi iko nyuma ya nyumba, na togwa na kahawa ya tangawizi vipo kwa wasiotumia, na kwamba hataki kusifiwa na mtu, aseme kila mtu alichokisikia mdomoni.

Bwana mifugo wetu, baba yetu, umeonja ya kutosha na umesema yote bila woga. Pumzika sasa kwa amani, kazi ya kusema ukweli tuachie sisi.