Ng'ombe Mmoja na Mbuzi Wawili, Mara Mbili

Mwaka ule wa kisomo cha watu wazima, wanaume wa Kasulu walisoma mpaka wakawa hawafai. Mimi nilikuwa nakaanga mihogo sokoni, kando ya benchi la kahawa la Hilali, basi elimu yao yote ikanipitia masikioni pamoja na moshi. Asubuhi hiyo kijana Niyitegeka wa Busunzu alikuwa amekaa katikati yao kama mshitakiwa. Mshenga wake alikuwa amerudi kutoka Titye na jibu la mahari: “Ng'ombe mmoja na mbuzi wawili, mara mbili.” Akalisema hivyo hivyo, akaenda zake kwenye pombe ya ndizi. Niyitegeka mbuzi angewapata. Ng'ombe alikuwa naye mmoja tu, na huyo wa pili labda amzae mwenyewe.

— Mara mbili inashika mbuzi peke yao, alisema Bazilio, mwalimu wa kisomo, tuliyemwita Ubao. Kuzidisha kunatangulia kujumlisha. Ng'ombe mmoja, mbuzi wanne. Kwisha.

— Nani kasema kunatangulia? aliuliza Abdulrahmani muuza chumvi, ambaye kijiweni ni Mizani.

— Vitabu.

— Wazee wa Titye wamevisoma? Hesabu inakwenda kama ilivyotamkwa, bwana. Mmoja, jumlisha wawili, halafu wote mara mbili. Ng'ombe wawili, mbuzi wanne.

— Basi nimekwisha, alisema Niyitegeka.

— Tulia mwanangu, nikamwambia. Unatetewa na wasomi.

Hilali akaweka birika chini.

— Nyote hamjui. Kwetu Ujiji, mara mbili ni safari mbili. Unapeleka leo, unapeleka tena mwakani.

— Na mke aje nusu nusu? aliuliza Ubao.

— Mwaka huu anakuja kupika, mwakani anahamia.

— Aa, wapi! alisema Mizani. Mara mbili ni kwa baba, na kwa mjomba. Mjomba akiwa pacha, inapanda tena.

— Mjomba wake ni pacha? aliuliza Hilali.

— Una hakika gani kwamba si pacha?

Niyitegeka akashika kichwa. Hapo akafika mama mmoja na kikapu cha karanga, akaomba kahawa. Theodosia, wa Titye. Kusikia habari yenyewe akasema, “Huyo binti ni wa kaka yangu.” Wanaume wote wakasimama kumpisha kwenye benchi ambalo mwanamke hakuwahi kulikalia.

— Shangazi, tuokoe! alisema Ubao. Kipi kinatangulia?

Theodosia akapuliza kahawa yake taratibu.

— Nitawaambia. Ila binti mwenyewe, amesema anamtaka huyu?

Ubao akamtazama Mizani. Mizani akamtazama Hilali. Hilali akachungulia ndani ya birika. Mwisho wote wakamgeukia Niyitegeka.

— Mimi nilimwona mnadani, alisema kijana. Alikuwa anacheka.

— Ego, ndiyo, alisema Theodosia. Anamcheka nani?