Sista Lakot na Mshipa "Uliokufa"

Tarehe 30 Juni, Sista Filda Lakot anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu hapa Kampala kwa miaka thelathini na mmoja. Miaka ya mwisho ameimalizia kliniki ya mishipa ya miguu, chumba kisicho na dirisha ambacho wengi wenu mnakipita mkidhani ni stoo.

Alianzia wodi ya wazazi, akahamia upasuaji, na kote alijulikana kwa sauti: akikuita ukiwa kantini, chapati unaiacha. Mashine ya leza ilipofika, yeye ndiye aliyepelekwa kujifunza, na kazi ikamkolea. Mgonjwa anachomwa ganzi, uzi mwembamba unaingizwa ndani ya mshipa uliovimba, joto linauziba, na siku hiyohiyo anarudi nyumbani kwa miguu yake. Walikuja wanaosimama kutwa, askari wa zamu na wauza nguo wa sokoni Nakivubo. Kliniki nzima ilikuwa na neno moja la kuwafurahisha: mshipa umekufa.

Koplo Okeny, polisi aliyeishi Bwaise, alilichukua neno hilo kama lilivyo. Kilichokufa kinafuatiliwa cha nini? Akatupa soksi za kubana miguu alizopewa baada ya leza, wala hakurudi kupimwa. Mwaka wa tano mshipa mwingine ukatuna karibu na kifundo, naye akadhani ni ule wa zamani. Ukapasuka akiwa anaoga. Akakaa kitini kungoja damu ikatike yenyewe, bila kuinua mguu wala kukandamiza jeraha, maana hakuna aliyemfundisha. Alifia njiani kuja hospitali. Mjane wake, Adoch, alitufuata na swali moja: "Kitu yenye imekufa inatoa damu namna gani?" Sista Lakot alilia mbele ya wagonjwa.

Tangu hapo "umekufa" ikapigwa marufuku. Sista akatuamuru kusema "umefungwa". Askari nao, kwa mazoea ya kazi yao, wakauliza: "Imefungwa miaka ngapi?" Sisi tulicheka, yeye hakucheka. Aliwaambia hilo ndilo swali lenyewe: kwa wengi mshipa hukaa kifungoni miaka mingi, kwa wengine hutoroka, na hata jirani yake anaweza kuharibika, kwa hiyo njoo kila mwaka tuutazame. Wakaelewa mara moja. Asiyekuja alipigiwa simu na kukaripiwa vizuri. Adoch mwenyewe baadaye alitibiwa hapa, na mwaka huu mshipa wake umeanza kufunguka tena.

Tungependa kumaliza kwa vigelegele, lakini mpaka leo hajapatikana wa kumrithi, na kuanzia Julai kliniki ya marudio haitakuwepo. Leza itaendelea, kuwafuatilia waliotibiwa, hapana. Inatuuma, na tumeiandika hapa makusudi ili wakubwa waisome.

Sista, ahsante kwa miguu yote uliyoiokoa. Uishi kwa raha na afya huko Kitgum, shamba likukubali, usingizi ukutoshe. Tunajua Adoch ana namba yako. Akipiga, tafadhali pokea. Huku hakuna wa kupokea.